Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Utoto za Mzee Aliyekulia Marekani Miaka ya 1945 hadi 1960

Ukimwambia mzee wa Kimarekani aliyezaliwa 1946, "Hebu nieleze utoto wako," atakujibu mambo matatu: maisha yalikuwa mazuri, hatukuwa na kitu ila hatukujua, na tulicheza nje mpaka taa za barabarani zilipowaka. Rika lake lote hujibu hivyo. Si uongo, ila ndani ya majibu hayo hakuna nyumba wala mtaa wala mtu unayeweza kumwona. Mwongozo huu unahusu namna ya kumvusha hapo mpaka afike jikoni kwa mama yake. Utamfaa mwenye mkwe, jirani au mzee wa kanisani aliyekulia huko, na utamfaa pia anayehudumia wazee kwa ajira, ambaye mara nyingi hukaa nao saa nyingi kuliko watoto wao.

Kanuni inayobeba kazi yote ni kuanza na mahali na mikono, miaka ije baadaye. Mzee akiulizwa mwaka hukisia, na akishakisia huushikilia ule mwaka hata ukiwa si wenyewe. Akiulizwa mlango wa jikoni ulifungukia upande gani, anauona.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti

Ruhusa kwanza. Kama ni mtu unayemhudumia kikazi, pata idhini yake, ya familia yake na ya ofisi iliyokuajiri, kwa maandishi. Bila hiyo usirekodi hata dakika moja. Kisha mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na majina ya waliopo, umwache mzee aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali, na ataje nani aruhusiwe kusikiliza. Muulize pia anapenda aitweje. Wengi watataka jina la kwanza tu. Lakini wapo, hasa wazee Weusi waliokulia majimbo ya Kusini, walioona wazazi wao wakiitwa "boy" na "auntie" na Wazungu waliokataa kuwaita Bwana na Bibi. Kwao heshima hiyo haikuwa jambo dogo, basi usiwavue.

Simu yako inatosha. Zima mawasiliano yake yote ili isiite katikati, na kama programu ya kurekodi inaruhusu, chagua faili la WAV, kilohezi 48, biti 24. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo iwe kifuani, sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, isiguse mkufu wala kitambaa kinachochakarisha. Chumba chenye zulia na mapazia ni bora kuliko jikoni kwenye vigae. Zima televisheni, feni na friji. Mngurumo wa friji wewe huusikii kwa sababu umeuzoea, ila maikrofoni haina mazoea. Ukiizima friji, weka funguo zako za gari humo humo ndani. Hutaweza kuondoka ukasahau kuiwasha, na nyama ya watu haitaharibika.

Kikao kiwe saa moja, kisizidi saa moja na nusu. Mwenye tatizo la kusahau mpe dakika 20, kitu cha kushika mkononi, na usimwulize kabisa "Unakumbuka?" Swali hilo ni mtihani, na akishindwa anajifunga. Mpe kipini cha mbao cha kuanikia nguo au chupa ya maziwa ya kioo, kaa kimya, mwache aseme chochote.

Piga hesabu ya umri kabla hujaanza. Kumbukumbu za watu wengi huanzia miaka mitatu au minne. Aliyezaliwa 1946 huanza kuwa shahidi mwenyewe kwenye 1949 au 1950. Ya kabla ya hapo alisimuliwa au aliyaona pichani. Yaandike pia, ila yawekee alama "alisimuliwa". Akikueleza tukio ambalo yeye mwenyewe anaonekana ndani yake, amesimama na gauni jeupe mbele ya gari, huenda anakueleza picha. Ulizia picha hiyo iko wapi.

Mchoro wa nyumba

Hiki ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote, na gharama yake ni karatasi kubwa na penseli. Mwombe mzee achore ramani ya nyumba aliyoishi akiwa na miaka mitano au sita, kama anaitazama kutoka juu bila paa. Akikataa kwa kusema hajui kuchora, chora wewe mstari wa ukuta wa mbele na uuweke mlango mahali pasipo pake kwa makusudi. Atakunyang'anya penseli.

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaandaa inayofuata:

1. Mlango ambao familia ilipitia kweli. Nyumba nyingi zilikuwa na mlango wa mbele wa wageni na padri, na mlango wa pembeni au wa nyuma wa watu wa nyumbani.
2. Jikoni, na meza. Weka majina kwenye viti. Nani alikaa karibu na jiko, nani alikaa kichwani mwa meza, kiti kipi kilibaki wazi baba akiwa zamu ya usiku.
3. Mahali pa kulala kila mtu. Hapa ndipo hutokea bibi aliyelala sebuleni, mpangaji wa chumba cha juu, au watoto watatu kitanda kimoja.
4. Joto lilitoka wapi. Jiko la makaa ya mawe la chumba cha chini ya ardhi, radieta, au tundu la chuma sakafuni ambalo watoto walisimama juu yake gauni likijaa hewa ya moto.
5. Nje: kamba ya nguo, pipa la kuchomea taka, mti, uzio, na nyumba za majirani zikiwa na majina yao.

Mchoro ukiisha, mwambie aingie kwa mlango wa nyuma akitoka kucheza na akutembeze. Kila akifika kona muulize anasikia nini na ananusa nini. Sakafu iulizie peke yake, maana mtoto huishi sakafuni. Aliyekulia kwenye nyumba za kwanza za Levittown, mtaa wa Long Island karibu na jiji la New York, zilizoanza kujengwa 1947, atakwambia sakafu ilikuwa na joto: nyumba zile za futi za mraba 750 zilijengwa juu ya zege lenye mabomba ya maji ya moto ndani yake. Darini kulikuwa hakujamaliziwa, kwa hiyo uliza pia baba alipandisha ukuta wa chumba cha juu lini. Mara nyingi ni pale mdogo wake alipozaliwa, na mwaka huo unaweza kuthibitishwa.

Kosa la kawaida hapa ni kusahihisha. Ukiona mchoro hauingiliani, jikoni limepita ukuta wa jirani, liache. Kosa lingine ni kuwakalisha ndugu wawili pamoja siku ya kwanza. Mkubwa atasema, mdogo atakubali, na kumbukumbu ya mdogo itakuwa imefutwa mbele yako. Kila mmoja achore peke yake, halafu siku nyingine waonyeshane. Tofauti zenyewe ni mali: miaka minne kati yao huweza kuwa nyumba mbili zisizofanana.

Maswali yanayofungua

Uliza kuhusu kazi ambayo mikono ya mtoto iliifanya. Mfano mzuri ni majarini. Kwa miaka mingi sheria na kodi, zilizotetewa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, zilifanya majarini iuzwe nyeupe kama mafuta ya kukaangia. Baadaye ikaja kwenye mfuko laini wa plastiki wenye kidonge cha rangi katikati, na kazi ya kukipasua kidonge na kuukanda mfuko mpaka rangi ya manjano ienee sawasawa walipewa watoto. Walirushiana, walikalia, na wakati mwingine mfuko ulipasuka. Uliza: "Siagi yenu ilitoka wapi?" Usitaje mfuko. Ukiutaja, kila mtu atasema ndiyo.

Maswali mengine ya aina hiyo: nani alikwenda kuchukua maziwa kibarazani asubuhi, na wakati wa baridi kali yalikuwaje? (Yaliganda, malai yakapanda na kusukuma kifuniko cha karatasi nje ya shingo ya chupa.) Siku ya kufua ilikuwa ipi, na ulikatazwa kugusa nini? Mashine nyingi zilikuwa na roli mbili za kukamulia nguo, na roli hizo zilimeza vidole na mikono ya watoto. Kila familia ina onyo lake. Simu ikilia mlijuaje ni yenu? Laini moja ilitumiwa na nyumba kadhaa, kila nyumba na mlio wake, na jirani aliweza kusikiliza. Nani alishuka kuchochea makaa alfajiri, na majivu yalimwagwa wapi?

Baada ya swali, nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza jingine. Jambo zuri kuliko yote huja baada ya jibu la kwanza, mzee anapodhani umekwisha kuridhika. Usimtie maneno mdomoni, wala usijibu kwa "mm, mm" kila sekunde, kwa kuwa sauti yako itakaa juu ya yake kwenye rekodi. Tingisha kichwa tu.

Ugonjwa uulizie kwa upole. Kabla ya chanjo, kiangazi kilikuwa msimu wa hofu ya polio: mabwawa ya kuogelea yalifungwa, watoto walikatazwa sinema na misongamano. Mwaka 1952 pekee wagonjwa walioripotiwa walizidi 57,000. Mzee anayeanza na "kiangazi kilikuwa kitamu" anaweza, dakika tano mbele, kufika kwa mtoto wa nyumba ya tatu ambaye hakurudi shule. Usikimbilie kumfariji wala kubadili mada. Ngoja, halafu uliza yule mtoto aliitwa nani.

Shuleni: mkeka wa kulalia mchana wa darasa la chekechea (wengi walikuja nao kutoka nyumbani, uliza rangi yake), chupa ndogo ya maziwa, kiapo cha bendera (maneno ya utii kwa taifa yanayosemwa mbele ya bendera), na tangu 1951 mazoezi ya kujificha chini ya dawati kwa hofu ya bomu la atomiki. Michezo na vitu vya kuchezea vina utajiri wake, ila wazee hupenda kuorodhesha tu. Mzuie kwenye kimoja: kiliwekwa wapi usiku, na kilivunjikaje?

Marekani hazikuwa moja

Picha ya baba mwenye kofia, gari jipya na nyasi zilizokatwa ni ya sehemu ya watu. Levittown ile ile ilikataa kuwauzia Weusi. Hadi hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 17, 1954, sheria za majimbo mengi ziliwatenga watoto shuleni kwa rangi, na kwa vitendo utengano uliendelea miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo usije na orodha moja ya maswali kwa wote. Mtoto Mweusi wa Chicago au Detroit huenda alipelekwa kila kiangazi kwa bibi yake Mississippi au Alabama. Muulize chakula cha safarini kilifungwa kwenye nini, na waliposimama kujisaidia walisimama wapi. Safari nyingi zilipangwa kwa kitabu cha mwongozo cha Victor Hugo Green, kilichoanza kutoka 1936, kikiorodhesha hoteli na vituo vilivyowapokea. Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyezaliwa 1940 anaweza kuwa na kumbukumbu yake ya kwanza ndani ya kambi ya kizuizini ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na bado ikawa kumbukumbu ya furaha, ya mchanga na watoto wengi wa kucheza nao. Iandike kama alivyoiona. Mtoto wa miaka minne hakuwa na wajibu wa kuelewa uzio.

Kupata mwaka bila kuuliza mwaka

Sasa ndipo kalenda inapoingia. Sikiliza rekodi na utafute vitu vyenye tarehe ndani yake.

Kiapo cha bendera: maneno "chini ya Mungu" yaliongezwa Juni 14, 1954. Mzee anayekumbuka kulazimika kujifunza upya kiapo alichokwisha kukariri alikuwa shuleni mwaka huo.

Chanjo ya polio: ya sindano ilitangazwa kuwa salama na yenye nguvu Aprili 12, 1955. Ya matone juu ya kipande cha sukari ni ya miaka ya 1960. Watu huzichanganya sana. Akisema "sukari", usiiandike chini ya 1955 hata akisisitiza.

Majarini: kodi ya taifa juu ya majarini yenye rangi iliondolewa 1950, na majimbo yakaachia moja moja. Wisconsin ilikuwa ya mwisho, 1967. Kwa hiyo kukanda mfuko mwaka 1958 hakuwezekani kirahisi mahali pengi, ila Wisconsin kunawezekana kabisa.

Televisheni: mwaka 1950 ilikuwa kwenye nyumba takriban 9 katika kila 100, na kufika 1960 karibu 9 katika kila 10. Swali zuri ni "Mlikwenda kwa nani kutazama kabla hamjapata yenu?"

Bendera pichani: nyota 48 zimepangwa safu sita za nyota nane, zimenyooka kama gridi. Nyota 49 zilidumu mwaka mmoja tu, kuanzia Julai 4, 1959, na 50 zikaanza Julai 4, 1960. Nyota 49 ni zawadi kwa mtafiti. Nyota 48 hazikuthibitishii sana, kwa sababu hakuna aliyeitupa bendera yake siku ile.

Magari ndiyo hudanganya watu wengi. Gari la 1949 linathibitisha tu kwamba picha haikupigwa kabla yake, na familia ziliendesha gari moja miaka kumi. Tazama kibao cha namba: majimbo mengi yalitoa kibao kipya kila mwaka au yaliongeza kipande chenye mwaka, na ukikikuza kwenye skana unausoma. Taa za mbele nne badala ya mbili zilienea kwenye magari ya 1958.

Bahasha na kadi: barua ya kawaida ilikuwa senti 3 mpaka mwisho wa Julai 1958, kisha senti 4. Kadi ya posta ilikuwa senti 1 mpaka mwisho wa 1951, kisha senti 2. Anwani ya aina ya "Chicago 14, Illinois" ni ya kati ya 1943 na 1963. Namba tano za ZIP, yaani namba za posta za eneo, zilianza Julai 1963.

Tarehe iliyopigwa chapa kwenye ukingo mweupe wa picha, mfano "JUN 58", ni ya kusafishwa kwa filamu, si ya kupigwa picha. Filamu ilikaa ndani ya kamera miezi. Mti wa Krismasi wenye chapa ya Juni si kosa la maabara.

Sensa ya 1950

Majibu ya sensa ya Marekani hufungwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 1, 2022, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeiweka yote bure kwenye 1950census.archives.gov. Humo utamkuta mzee wako akiwa mtoto, mradi alikuwa amezaliwa kufikia Aprili 1, 1950.

Anza na jimbo, kaunti na jina la mkuu wa kaya, kwa kawaida baba, si jina la mtoto. Faharasa ya majina ilitengenezwa na kompyuta iliyosoma mwandiko wa mkono, kwa hiyo jina refu la Kipolandi au la Kiitaliano huwa limeharibika vibaya. Usipolipata, jaribu herufi nne za mwanzo, kisha jina la kwanza la baba peke yake. Ikishindikana, achana na majina: tafuta ramani za maeneo ya kuhesabia za mji huo, ona mtaa wake uko eneo namba ngapi, kisha fungua karatasi za eneo hilo ukurasa kwa ukurasa. Jina la mtaa limeandikwa pembeni kushoto, kwa urefu wa karatasi, na ni rahisi kulipita. Kila karatasi ina mistari 30.

Utaona umri, mahali pa kuzaliwa na kazi ya kila mtu mzima. Lakini faida kubwa haiko kwenye mstari wa familia yake. Soma kaya kumi za juu na kumi za chini yake, uandike majina ya watoto wa rika lake, na uende nayo kikao kijacho. Mtajie jina moja moja, bila maelezo. Jina la mtoto wa jirani ambalo hajalisikia miaka sabini hufanya kazi ambayo swali lolote halifanyi.

Ya 1960 haitafunguliwa kabla ya Aprili 2032.

Picha, slaidi na filamu

Piga picha albamu nzima kwanza, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuchomoa chochote. Mpangilio wa mama aliyeibandika ni ushahidi. Skani picha kwa nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, mbele na nyuma hata kama nyuma kuna neno moja. Ukiandika nyuma ya picha, tumia penseli laini. Wino wa kalamu hupenya na kutokeza usoni. Albamu zenye kurasa za gundi chini ya plastiki ni hatari kwa picha. Usivute kwa kucha: pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini ya picha, kama unakata sabuni.

Slaidi za rangi za milimita 35 zinahitaji nukta 3,000 hadi 4,000 kwa inchi. Za Kodachrome, filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak, hudumu na rangi zake gizani miongo mingi, ila mwanga wa projekta huziharibu haraka, basi usiandae usiku wa kuzitazama ukutani kabla ya kuskani. Zima ule usafishaji wa vumbi wa moja kwa moja wa skana unapofika kwenye Kodachrome na negativi nyeusi na nyeupe. Usafishaji huo hutumia miali ya infraredi, na kwenye filamu hizi huona picha yenyewe kuwa vumbi, ikatafuna kope na kingo za nyuso.

Filamu nyingi za nyumbani za kipindi hiki ni milimita 8 za zamani. Zile za Super 8 hazikuwapo kabla ya 1965. Zitofautishe kwa tundu la katikati ya reli (gurudumu linalozungushiwa filamu), dogo kwa za zamani na kubwa kwa Super 8. Reli ya futi 50 ni dakika nne na kidogo, fremu 16 kwa sekunde. Ukilipia kuhamishwa kwenye dijitali, sisitiza kasi hiyo. Ikihamishwa kwa fremu 24 bila marekebisho, familia nzima itatembea kama kuku wanaokimbia mvua.

Fungua kopo unuse. Harufu ya siki inamaanisha asetati ya filamu imeanza kuoza na kutoa asidi, na mwozo huo huambukiza reli za jirani. Itenge, iweke penye baridi, na iwe ya kwanza kupelekwa kuskaniwa. Usiipitishe kwenye projekta ya zamani kuona kilichomo: filamu iliyosinyaa huchanika matundu, na ikikwama mbele ya taa huungua. Waya mwembamba wa chuma kwenye reli ndogo nao usiutupe ukidhani ni wa fundi umeme. Vinasa sauti vya waya viliuzwa sana kati ya 1946 na mapema miaka ya 1950, na sauti ya babu inaweza kuwa humo. Kazi hiyo mpe mtaalamu. Waya ukichomoka na kujisokota huwezi kuufungua tena.

Kadi za mapishi

Kumbukumbu ya ladha hufika mbali, na kisanduku cha kadi za inchi 3 kwa 5 kipo kwenye nyumba nyingi. Tatizo ni kwamba kadi ziliandikiwa mtu anayejua tayari. "Oleo" ni majarini. "Oveni ya wastani" ni nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani 175 hivi za Selsiasi. "Ya polepole" ni 150 hivi, na "ya moto" ni 200. Kikombe ni mililita 237. Kijiti kimoja cha siagi ni gramu 113. Kopo namba 303 lilikuwa na vikombe viwili hivi, namba 2 vikombe viwili na nusu. Ukitumia kopo la leo bila kupima, keki itakuwa nzito au itakauka. Doa la mafuta lina maana: kadi safi ni ya mapishi yaliyopendwa na shangazi tu, kadi chafu ndiyo ya kupika.

Pika ukiwa na mzee jikoni na kinasa kikiwa kimewashwa. Hapa acha friji ingurume.

Kuandika na kuhifadhi

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia, ila hukosea majina ya watu na mitaa, ambayo ndiyo unayoyahitaji, kwa hiyo sikiliza tena yote. Andika kwa Kiingereza chake, na makosa yake ya sarufi uyaache. Tafsiri ya Kiswahili iwe faili la pili. Miaka uliyoithibitisha iweke kwenye mabano ya mraba pembeni mwa alichosema, usiingize ndani ya maneno yake: yeye alisema 1953, wewe umekuta 1955, yote mawili yabaki.

Faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ili kompyuta ilipange lenyewe. Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nyumba nyingine. Diski ifungue mara moja kwa mwaka uone kama inasomeka. Reli, slaidi na kadi za asili zirudishe kwa mwenyewe ndani ya masanduku yale yale, pamoja na orodha ya vilivyoskaniwa, asaini yeye au mwanawe kwamba amevipokea.